Mnong'ono wa Mama Mastula

Hatukumruhusu Theresia kusogea tangu Jumapili iliyopita. Bado amesimama kwenye ngazi za kushukia ukumbini, mtaa wa Rinkeby, jijini Stockholm, mkono mmoja umeshika karatasi na mwingine umeshika ukuta. Theluji iliyoganda kwenye buti zake imeanza kuyeyuka. Na maneno aliyoyasikia kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo bado yanamzunguka kichwani.

"Sisi watatu tutapiga kura na wewe, Muriuki," Mama Mastula alikuwa amesema. "Theresia tulimwahidi kitu kimoja tu. Tulimwahidi kwamba hatutapiga kelele."

Theresia alirudi ngazi moja juu. Kelele? Nani aliomba habari ya kelele?

Kwa msomaji aliyedandia njiani, hesabu ni fupi. Theresia, mzaliwa wa Ifakara na mkalimani wa hospitali, ni mwenyekiti wa Umoja wa Waswahili wa Stockholm. Baraza la Umoja lina wajumbe kumi na wanne. Sita ni wa upande wake, Watanzania. Watano wanamfuata Muriuki, Mkenya anayekitaka kiti. Watatu waliobaki ni Waganda, na kiongozi wao ni Mama Mastula.

Sita si nusu ya kumi na wanne. Lakini katiba ya Umoja ilinakiliwa kutoka kwa Waswidi, na Waswidi wana mtindo wao: kiongozi hahitaji kupendwa na walio wengi, mradi walio wengi wasimkatae. Serikali yenyewe ya nchi, mwaka huu wa 1985, inaishi hivyohivyo. Haina nusu ya wabunge. Inakaa kwa sababu chama kidogo kilicho pembeni yake hakitaki kuiangusha.

Kumwangusha Theresia kunahitaji sauti nane. Muriuki ana tano. Tano na tatu, fanya hesabu mwenyewe.

Ndiyo maana Theresia alifunga mkataba na Mama Mastula. Mkataba wenyewe ulikuwa mkononi mwake, umeandikwa kwa Kiswidi, una sahihi, na sasa ulionekana hauna maana.

"Mwenyekiti, mbona umeganda hapa kama sanamu?"

Alikuwa Deusdedit, makamu wake, anashuka ngazi mbilimbili. Alitoka kazini moja kwa moja, bado amevaa sare ya madereva wa treni za chini ya ardhi, kofia kwapani. Mtu wa Bukoba, mcheshi, mwenye salamu kwa kila kabila.

"Deus," Theresia alisema kwa sauti ya chini, "Alhamisi ulimsomea Mama Mastula karatasi hii?"

"Neno kwa neno. Nilisimamisha treni kituoni kwao, Rågsved, nikamsomea dirishani. Nikaenda kituo cha mwisho, niliporudi alikuwa ameshasaini. Mkataba gani mwingine umefungwa kwa kasi hiyo?"

"Nisomee na mimi. Kwa Kiswahili kilekile."

Deusdedit alivaa miwani. "'Sisi wajumbe watatu, siku ya kumpigia mwenyekiti kura ya kumkataa, tutashusha sauti zetu. Na mwenyekiti atatukabidhi ufunguo wa jiko.' Basi. Fupi na tamu."

"Rudia hapo kwenye sauti."

"'Tutashusha sauti zetu.' Si ndivyo ulivyoandika? Lägger ner, kuweka chini. Röst, sauti. Kosa liko wapi?"

Theresia alifumba macho. Miaka tisa ya ukalimani. Madaktari, polisi, walimu wakuu, wote amewatafsiria bila kuteleza. Kisha siku moja anakwama kwenye zamu hospitalini, anamwachia dereva wa treni kazi ya mistari miwili.

"Röst ni sauti," alisema polepole. "Na röst ni kura. Neno lilelile, Deus. Mswidi akisema anaiweka chini röst yake, maana yake hapigi kura. Anakaa pembeni. Sisi tulitaka wakae pembeni. Wewe umewaambia wapunguze kelele."

Deusdedit alikaa kwenye ngazi, juu ya maji ya theluji, wala hakuonekana kuyahisi.

"Mimi kazini röst ni ile inayotoka kwenye spika," alisema. "Na mlango wa treni ulikuwa unalia."

"Najua."

"Na katiba yetu niliitafsiri mimi. Nayo kila penye röst niliandika sauti."

"Najua, Deus. Nchi nzima inajua."

Alisema kweli. Kipengele cha tisa cha katiba ya Umoja, kwa Kiswahili cha Deusdedit, kilisema hivi: *Kila mjumbe atatoa sauti yake, na katibu ataandika sauti aliyoisikia.* Kwa sababu ya sentensi hiyo, Umoja ule haukuwahi kunyoosha mikono. Kura zilipigwa kwa mdomo, miaka mitano sasa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Deusdedit aliinuka ghafla. "Lakini tumesalimika. Yeye amesaini Kiswidi, hakusaini Kiswahili changu. Ingia, wasomee kile Kiswidi. Mwambie, mama, sahihi yako hii hapa, kaa pembeni."

Theresia aliiangalia karatasi. Kisheria Deusdedit alikuwa sahihi. Mama Mastula mwenyewe ndiye aliyetaka iandikwe kwa Kiswidi. "Kiswahili chenu Watanzania kina milango mingi ya nyuma," alisema siku ile. "Andika kwa lugha ambayo hatukuzaliwa nayo, mimi wala wewe." Ila Kiswidi cha Mama Mastula, mpishi wa shule, kilikuwa cha jikoni: chumvi, moto, panga foleni. Kusoma alihitaji kusomewa.

Kumbana mtu kwa lugha asiyoijua. Hicho ndicho kilichokuwa kimelala kwenye ile karatasi, na Theresia alikifahamu vizuri, maana kila siku hospitalini yeye hulipwa kukizuia.

Lakini akishindwa leo, Jumamosi ijayo hakuna darasa.

Darasa lilikuwa la Kiswahili, watoto kumi na mmoja, saa nne hadi saa sita. Muriuki alishatangaza: akishika kiti, Umoja utaendeshwa kwa Kiingereza, na Jumamosi ukumbi utakuwa wa Kiingereza. Na mmoja wa wale kumi na mmoja ni Clementina, binti wa Theresia, miaka tisa, anayeulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiswidi.

Mwaka jana bibi yake aliyebaki Ifakara aliomba kaseti. Alitaka kusikia sauti ya mjukuu. Clementina alizungumza nusu saa, kwa Kiswidi kitupu, na Theresia akaituma hivyohivyo. Bibi aliisikiliza, hakuambulia kitu, akaipeleka parokiani kwa padri Mswisi, kwa kuwa Uswisi na Uswidi kwake ni mji na kitongoji. Padri naye hakuambulia kitu. Barua iliyorudi ilikuwa na mstari mmoja: *Mwanangu, yule mzungu kwenye kaseti ni nani?*

Theresia aliikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Sitasoma Kiswidi," alisema.

"Basi tumekwisha."

"Vaa kofia yako uingie, Deus."

* * *

Ukumbi ulikuwa umejaa. Ni chumba kirefu chini ya jengo la ghorofa saba, kinachopakana ukuta na chumba cha kufulia cha wapangaji, kiasi kwamba hotuba nyingi za Umoja zimewahi kusindikizwa na mashine ya kufua. Leo pia ilikuwa inanguruma.

Muriuki alimwona kwanza. Fundi wa lifti, suti ya kijivu, tabasamu la mtu aliyekwisha kupima kiti.

"Mwenyekiti, karibu," alisema. "Tulianza kufikiri umekwama kwenye lifti. Ningekuja kukutoa mwenyewe."

"Ahsante, nimeshuka kwa ngazi."

"Ni mazoezi mazuri, bana. Kushuka."

Upande wake walicheka. Theresia naye alicheka, maana ilichekesha. Kisha akamgeukia Mama Mastula, aliyekaa na sufuria mapajani, limefungwa kwa kitambaa, lina harufu ya mchuzi wa karanga uliosafiri kwa treni kutoka Rågsved.

"Mama Mastula, tuongee jikoni dakika mbili."

"Jiko la kwenu limefungwa, nnyabo," alijibu Mama Mastula, akimwita bibi kwa Kiganda, na ukumbi mzima ukasikia. Mwanamke huyu hajawahi kumwambia mtu mmoja jambo moja. Ametuliza watoto mia nne wa shule kwa neno "supu".

Theresia alivua uzi shingoni. Ufunguo ulikuwa unaning'inia juu yake. Alikifungua chumba cha jiko, kisha akauweka ule ufunguo juu ya kifuniko cha sufuria, mbele ya macho ya watu wote.

"Niliahidi ufunguo," alisema. "Huo hapo."

Tabasamu la Muriuki lilipungua kidogo.

Ndani ya jiko Mama Mastula aliliweka sufuria mezani, akafunga mlango kwa kisigino.

"Unanihonga?"

"Nakulipa. Ulisaini, nami nikasaini."

"Nilisaini nini? Kwamba Waganda tuna kelele?" Alijaribu kusema taratibu, vikombe vikatetemeka ndani ya kabati. "Unajua Kiswahili nilikijulia wapi, Theresia? Kwenye kizuizi, njia ya Masaka. Simama. Shuka. Lala chini. Shusha sauti. Askari ndiye mwalimu wangu. Nikafika hapa, wewe ukawa mtu wa kwanza kuniambia 'karibu chai' kwa lugha hiyo. Nikasema, kumbe ina maneno mengine. Kisha Alhamisi unaniletea karatasi dirishani: mama, shusha sauti."

Theresia alikuwa amekuja na hoja. Hakuwa amejiandaa kwa askari.

"Kwa nini ulisaini?"

"Kwa sababu mimi ni mtu mzima. Mtu akinitukana kwa maandishi, natia sahihi ili ajue nimeelewa. Kisha nikampigia Muriuki simu."

"Nisamehe, dada."

"Kwa lipi?"

"Kwa kutokusomea mwenyewe." Theresia alivuta kiti, akakaa. Alimweleza lote: neno la Kiswidi lenye maana mbili, treni, mlango unaolia, na Deusdedit aliyeokota maana isiyohusika. Mama Mastula alisikiliza huku akikoroga mchuzi.

"Kwa hiyo ulitaka tukae pembeni," alisema mwishowe. "Tusimkatae mtu, tusimkubali mtu."

"Ndiyo."

"Hilo ningelifanya. Ni jambo la heshima." Alikoroga tena. "Ila sasa nimeshampa Muriuki mkono. Nimemwambia nitakukataa, na Matayo na Nakato vilevile. Mimi nikitoa mkono siurudishi."

"Sikuombi uurudishe. Na Kiswidi sikudai. Hukukisikia."

"Basi unadai nini?"

"Kiswahili. Kile ulichosomewa ukakitia sahihi."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Kushusha sauti," alisema Mama Mastula.

"Kushusha sauti. Muriuki mpe chake, nami nipe changu. Winifrida ni katibu mzuri, ataandika atakachokisikia."

Mama Mastula aliuachia mwiko. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Kicheko kilipotoka, watu ukumbini waligeuza shingo kama waliosikia masufuria yameanguka.

"Banange," alisema akifuta machozi. "Na watu wanasema Watanzania ni wapole." Halafu uso ukabadilika. "Kuna tatizo moja, nnyabo."

"Lipi?"

"Mimi kunong'ona sijui."

* * *

Saa nane na nusu mchana kura iliitishwa. Muriuki alipewa dakika tatu, naye, kusema kweli, alizitumia vizuri.

"Mimi simchukii Theresia," alisema. "Chai yake naipenda. Nataka kiti chake tu. Ndugu zangu, watoto wetu watatafuta kazi duniani kwa lugha gani? Jumamosi wanafundishwa majina ya vyombo vya jikoni vya bibi zao. Dunia haiwaulizi mbuzi ya nazi ni nini. Na sisi wazee tunakutana hapa, Mkenya ana chake, Mganda ana chake, Mtanzania anatusahihisha sote. Kwa Kiingereza tungekuwa sawa: sote tungekosea kwa kiwango kimoja."

Watu walipiga makofi. Hata Ladislaus, Mtanzania wa upande wa Theresia, aliona ameshapiga mawili kabla ya kujizuia.

Theresia alihisi mtu anamvuta sketi. Clementina alikuwa ametoka kwenye kona ya watoto, rangi ya njano kwenye kidevu.

"Mamma, förlorar vi?"

"Sema kwa Kiswahili."

Mtoto alifikiri. "Tuna... tunapotea?"

"Tunashindwa," Theresia alimsahihisha, akamfuta kidevu. "Wanaouliza njia ndio wamepotea. Sisi bado hatujashindwa. Rudi ukakae."

Winifrida, katibu, alisimama na daftari. Mwanamke mwembamba, hesabu zake hazina mapenzi wala chuki. Hana kura, ana masikio tu.

"Nitaita kwa nchi," alisema. "Anayemkataa mwenyekiti aseme 'namkataa'. Asiyemkataa aseme 'simkatai'. Wakifika wanane wa kumkataa, kiti ki wazi. Jina nitaliita mara tatu, nikikosa kusikia mara zote tatu naandika kwamba sikusikia. Kenya."

Watano, mmoja baada ya mwingine, wazi kama kengele. Wanjira, dada yake Muriuki, alisema lake kwa Kiingereza, akaambiwa arudie.

"Tanzania."

Sita. "Simkatai," alisema Deusdedit, kwa bashasha iliyozidi.

"Uganda. Matayo."

Matayo alisimama. Ni mtu wa kwaya, sauti ya nne, kifua kama pipa. Alikumbuka alichoambiwa mlangoni dakika tano nyuma, akashusha sauti kadiri alivyoweza. Kilichotoka kilikuwa kizito, kikapita sakafuni, kikapanda kwenye miguu ya viti.

"Nimesikia," alisema Winifrida. "Namkataa. Sita."

Theresia alikaza vidole.

"Nakato."

Nakato ana sauti ya kitoto, kazi ingekuwa rahisi. Lakini alipofungua mdomo tu, mashine ya kufua ng'ambo ya ukuta ilinyamaza. Ukumbi mzima ukawa kimya. Mnong'ono wake ulisikika hadi kwenye makoti yaliyotundikwa mlangoni.

"Namkataa. Saba."

Muriuki alifunga kifungo cha koti, tayari kusimama. Amebaki mmoja, na huyo mmoja ni mwanamke ambaye hata siri zake husikika kituo kinachofuata.

"Mastula."

Mama Mastula aliinuka bila haraka. Alipanga kitambaa cha kichwa. Akaomba maji.

"Samahani, Katibu, karanga zimenikaa kooni."

Maji yakaletwa. Aliyanywa kidogokidogo, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza chungu. Theresia alielewa. Mpishi wa shule ameishi na mashine miaka yote, za kuosha vyombo, za kufua aproni. Anajua kila kimya cha mashine kinatangulia nini.

"Mastula, mara ya kwanza," alisema Winifrida.

Ng'ambo ya ukuta kitu kilitoa mlio mfupi. Kikaanza kuzunguka. Kisha kikashika kasi ya kukamua, ukuta ukatetemeka na picha ya ziwa ikaenda mshazari.

Mama Mastula alinyanyua kidevu, akamtazama Muriuki usoni, na midomo ikacheza.

"Sikusikia," alisema Winifrida. "Mara ya pili."

"Subiri kidogo," alisema Muriuki. "Hiyo mashine izimwe." Akatoka mbio, suti na yote. Walimsikia akibisha chumba cha kufulia, kisha Kiswidi chake cha adabu, kisha sauti ya bibi mmoja wa Kifini wa ghorofa ya pili. Bibi huyo hakupandisha sauti hata kidogo. Alimwonyesha daftari la zamu lililoning'inia mlangoni. Jina lake lilikuwa pale kwa kalamu, hadi saa kumi.

Katika nchi ile unaweza kubishana na waziri. Zamu ya mtu ya kufua huigusi.

Muriuki alirudi taratibu kuliko alivyotoka.

"Mara ya pili," alirudia Winifrida.

Midomo ikacheza. Mshipa ulimsimama Mama Mastula shingoni, jasho likamtoka kwenye paji, mwanamke anabeba mnong'ono kama anayebeba gunia.

"Sikusikia. Mara ya tatu na ya mwisho."

Muriuki alimsogelea hatua mbili, akatega sikio. Deusdedit naye alisogea, kwa sababu zake. Theresia hakusogea. Aliangalia tu ile midomo, naye, kwa kuzoea kusoma midomo ya wagonjwa, aliona waziwazi: *Nam-ka-taa.* Herufi zote zipo. Mkono uliotolewa umeheshimiwa, na sahihi imeheshimiwa.

Winifrida aliandika. Akapiga mstari. Akasoma.

"Namkataa, saba. Simkatai, sita. Asiyesikika, mmoja. Wanane hawakufika. Mwenyekiti anaendelea."

"Lakini ametamka," alisema Muriuki. "Nimeuona mdomo wake."

"Kipengele cha tisa kinasema aliyoisikia, Bwana Muriuki. Hakisemi aliyoiona."

Muriuki alisimama akimtazama Mama Mastula, kisha Theresia, kisha ukuta uliokuwa bado unatetemeka. Akaanza kucheka mwenyewe, polepole, kicheko cha fundi aliyeona lifti imefanya kitu ambacho kitabuni hakimo.

"Saba wamekukataa," alimwambia Theresia. "Sita tu wanakutaka. Na bado umekaa."

"Ndiyo nchi tuliyohamia."

"Haki ya nani, nitajifunza." Alimpa mkono. "Wiki mbili tu, Mwenyekiti. Mkutano ujao nitaangalia kwanza daftari la zamu za kufua."

Clementina alikuja mbio, akamkumbatia mama yake kiunoni. "Hatukupotea," alisema, kwa Kiswahili, bila kuombwa. Theresia hakumsahihisha.

* * *

Jiko lilifunguliwa. Mchuzi wa karanga ulipashwa moto, ndizi zikatoka zisikojulikana, na Wanjira wa Kenya ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akiwa na sahani mbili. Theresia alikuwa anaketi kula aliposikia pumzi ya karanga sikioni.

"Koo linaniuma," alisema Mama Mastula. "Sijawahi kufanya kazi ngumu namna ile. Kwa hiyo mkutano ujao nitatumia sauti yangu ya kawaida. Isipokuwa ukinipa sababu."

Aliteremsha karatasi kando ya sahani. Mistari sita, kwa kalamu ya bluu.

"Hii ni kwa Kiganda," alisema Theresia.

"Ya kwanza niliisaini kwa lugha nisiyoisoma. Ya pili ni zamu yako. Saini kabla chakula hakijapoa, nitakusomea baadaye." Akaondoka, ufunguo wa jiko unalia kiunoni, akimfokea Matayo kuhusu vijiko.

Theresia alipitisha macho. Kiganda hakukijua, ila neno moja alilijua, kwa sababu Mama Mastula alilitumia kila mara alipokuja kuomba jiko. *Lwamukaaga.* Jumamosi. Lilikuwepo mstari wa kwanza, likarudi mstari wa tatu, likarudi tena wa tano.

Jumamosi ni siku ya darasa.

Chini ya karatasi palikuwa na nafasi mbili za sahihi. Ya kwanza ilikuwa tupu, inamsubiri yeye. Ya pili ilikuwa imeshajazwa, na ile D kubwa yenye mkia wa kujisifu aliijua kuliko mwandiko wake mwenyewe, maana ilikuwa chini ya kila ukurasa wa katiba. Pembeni pake paliandikwa siku.

Jumatano.

Alihesabu tena, polepole, kwa vidole. Treni ilisimama Rågsved Alhamisi. Mlango ulilia Alhamisi. Neno lilitafsiriwa vibaya Alhamisi. Sahihi hii ilikuwa imetangulia yote kwa siku moja.

Theresia aliinua kichwa. Ng'ambo ya ukumbi Deusdedit alikuwa amesimama kati ya Nakato na Matayo, anasimulia kitu kirefu, kwa wepesi, bila kutafuta neno hata moja, nao wanacheka hadi kushika mbavu. Hawakuwa wanazungumza Kiswahili.

"Deus," aliita. "Kiganda unakijua kwa kiasi gani?"

Makamu wake aligeuka, na lile tabasamu la salamu kwa kila kabila halikuwa limetikisika.

"Bukoba na Masaka ni jirani," alisema. "Nakijua kuliko Kiswidi, Mwenyekiti. Mbona umeacha kula?"